Uwongo Njoo

Mwaka 2023, HBO ilipotangaza kwamba vitabu vyote saba vya Harry Potter vitatengenezwa upya kama mfululizo wa televisheni, nilipata ujumbe wa WhatsApp kutoka Songea. Haukuwa na salamu. "Dada, safari hii wataweka kile kioo?"

Nilikuwa kwenye daladala, Dar es Salaam, nikitoka chuoni. Niliusoma mara tatu, kisha nikazima simu na kuangalia nje ya dirisha kama mtu aliyedaiwa hadharani.

Ili ulielewe deni lenyewe, inabidi turudi Lizaboni, mwaka 2011.

Shangazi yangu alikuwa akifanya kazi Dar, na kila alipokuja nyumbani alituletea vitu vya mtumba: viatu, masweta na, mwaka ule, vitabu viwili alivyonunua kwa wauzaji wa kando ya barabara. Vilikuwa kitabu cha kwanza na cha tatu cha Harry Potter. Cha pili hakikuwepo. Nilikuwa Kidato cha Kwanza, Kiingereza changu kikichechemea, lakini nilikuwa na kamusi na likizo ya Juni. Anayeijua Songea ya Juni anajua kwamba jua likizama unatafuta moto.

Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa majenereta. Gridi ya taifa ilitufikia mwaka 2018. Kwa hiyo jioni nyingi zilikuwa za giza, na watoto wa majirani walikusanyika jikoni kwetu kuzunguka jiko la mkaa. Mchana nilisoma, usiku nikasimulia kwa Kiswahili. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona treni, hivyo wanafunzi wa Hogwarts walisafiri kwa basi, na basi lilisimama njiani watu wakanunua mahindi ya kuchoma. Ngome ya shule tuliiweka Peramiho, kwa sababu abasia ya Wabenediktini ndiyo ilikuwa majengo makubwa kuliko yote tuliyowahi kuyaona. Bundi aliyeleta barua nilimgeuza njiwa. Kwetu bundi akitua juu ya bati hakuna anayengoja barua.

Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtoto wa nyumba ya pili. Nitamwita Dogo, kwa kuwa ndivyo tulivyomwita wote. Alikuwa na miaka saba. Mama yake alifariki mwaka uliotangulia, na watu wazima walimwambia kwamba mama amesafiri. Alikaa karibu na mlango, hakucheka pale wenzake walipocheka, na hakuuliza chochote mpaka usiku wa kioo.

Kama umekisoma kitabu cha kwanza, unakikumbuka kioo hicho. Harry, ambaye wazazi wake wamekufa, anakitazama na kuwaona wamesimama nyuma yake, wakimpungia mkono. Nilipofika hapo Dogo akauliza, "Wanatoka?"

"Wanatoka wapi?"

"Kwenye kioo. Mama yake anatoka?"

Nilijua jibu. Lilikuwa kwenye ukurasa niliousoma mchana uleule. Lakini wenzake wote waligeuka kumwangalia, na mimi sikuwa na ujasiri. Nikasema, "Anatoka. Kwenye kitabu cha pili."

Kwa hiyo nilipomaliza cha kwanza ilinibidi nikitunge cha pili. Kilichukua jioni nne. Harry alikikuta kioo kimezama chini ya maji, kule Matogoro unakoanzia mto Ruvuma. Alipokitoa, mama yake akatoka akiwa amelowa. Alikaa naye siku moja. Alimuuliza habari za shule, akamkagua kucha, akapika. Jioni akaaga mwenyewe na kurudi majini. Dogo aliomba sehemu hiyo irudiwe, na kila niliporudia aliuliza, "Kitabu kinasema alikaa siku nzima?" Nami nikajibu, "Kitabu kinasema hivyo."

Desemba, banda la video la mtaani kwetu likapata diski yenye filamu zote za Harry Potter zilizokuwapo. Kiingilio shilingi 200. Tulikwenda kundi zima, mimi nikiwa mbele kama mgeni rasmi, maana ndiye niliyesoma vitabu. Kama ingekuwa imetafsiriwa na Lufufu, yule msimulizi ambaye sauti yake ilipanda juu ya filamu za nje kwenye mabanda mengi ya nchi hii, labda ningesalimika. Alizoea kuongeza chumvi kiasi kwamba lolote lingewezekana. Lakini nakala ile ilikuwa ya Kiingereza kitupu, na watu wakanitaka nieleze.

Filamu ya kwanza ilipita salama, ingawa treni iliwashangaza. Ya pili ikaanza. Likapita gari linaloruka, likapita joka kubwa. Dogo alikuwa amesimama juu ya benchi. Majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda kwenye kioo cha televisheni akasema kwa sauti, mbele ya banda zima, "Dada, kioo kiko wapi?"

Nikasema, "Wamekikata."

Neno hilo nimelifikiria miaka yote tangu siku ile. Ni neno la kila mpenzi wa vitabu. Nilipoitazama Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, nilikaa nikihesabu kilichoachwa kama karani wa ghala. Sote tunafanya hivyo. Tunazitamani filamu za vitabu tulivyovipenda, halafu tunatoka ukumbini tukilalamika kwamba wamekata sehemu nzuri kuliko zote. Chuoni tuna maelezo ya tabia hii: filamu inampora msomaji picha yake, inamlazimisha avae macho ya mtu mwingine. Kuna ukweli humo. Tangu siku ile ya banda sijaweza kuiona tena Hogwarts ya Peramiho. Nikifumba macho linakuja jumba la kwenye filamu.

Lakini Dogo hakwenda bandani kuporwa wala kuburudishwa. Alikwenda kutafuta shahidi. Alichokisikia gizani kwenye jiko la mkaa alitaka kukiona mchana, pamoja na watu wengine, ili kiwe kweli. Nadhani hamu yetu ya filamu mara nyingi ni hiyo. Tunataka kitu tulichokipenda peke yetu kionwe na wengi, wasije wakasema tulikiota. Na shahidi alipofika, nilimwambia mtoto kwamba shahidi amehongwa.

Kosa langu lilikuwa nini hasa? Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba nilitunga tu, na kutunga si dhambi. Shaaban Robert alichukua hadithi ya Alfu Lela Ulela akaifanyia kazi, na mwaka 1952 ikatoka Adili na Nduguze. Hakuna anayemwita mwongo. Mimi mwenyewe nilimgeuza bundi kuwa njiwa na treni kuwa basi, na hadi leo sijutii. Hata kumrudisha mama wa Harry kungeweza kuwa hadithi nzuri, ingawa nilipovisoma vitabu vyote saba baadaye niligundua kwamba Rowling mwenyewe alikataa kufanya hivyo: katika ulimwengu wake uchawi una nguvu nyingi, ila hauna ile ya kumfufua aliyekufa.

Jibu nililipata kwa bibi yangu, bila yeye kulisema. Bibi hakuwahi kuanza hadithi kabla hatujaitikia. Yeye: "Hadithi, hadithi." Sisi: "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Tuliimba hivyo utotoni bila kusikia tunachosema. Tulikuwa tunaualika uwongo kwa jina lake, kwa hiari yetu, uingie kwa mlango wa mbele. Baada ya hapo bibi angeweza kumfufua yeyote. Sungura angeweza kumdanganya simba, na mti ungeweza kuongea. Hakuna aliyedhulumiwa, kwa sababu sote tulikuwa tumekubali.

Mimi jikoni sikuitisha kiitikio. Nilisema, "Kitabu kinasema." Na kwa mtoto aliyelelewa katika shule zetu, ambako majibu yote yako kitabuni na mwalimu ananakili kutoka humo kwenda ubaoni, hakuna kiapo kizito kuliko hicho. Uwongo wangu haukualikwa, uliingia umevaa sare.

Na Songea si mahali pa kusema kirahisi kwamba maneno ni maneno tu. Tulipokuwa shule ya msingi walitupeleka Makumbusho ya Maji Maji, kwenye kaburi la mashujaa tunaowakumbuka kila tarehe 27 Februari, siku waliyonyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Mwalimu alipotueleza habari za dawa iliyosemwa ingegeuza risasi kuwa maji, mwenzetu mmoja akacheka, akasema ni kama filamu ya uchawi. Mwalimu hakumgombeza. Alisema tu, "Hawa hawakuwa wanacheza." Najua maji yale yalifanya kazi kubwa kuliko hiyo, yaliwaunganisha watu wa makabila mengi dhidi ya mkoloni. Ila kauli ya mwalimu ilibaki. Neno lilelile kwa anayecheza ni utamu, na kwa mwenye shida ni ahadi. Jikoni kwetu watoto sita walikuwa wanacheza. Mmoja alikuwa na shida, na mimi nilimwona.

Utasema nilimfariji. Nilijiambia hivyo pia. Lakini faraja yangu ilifanana mno na ile ya watu wazima waliomwambia mama amesafiri. Wote tulimpa mtoto kitu cha kungoja, na kungoja si kitu chepesi. Anayeomboleza anafika mahali fulani. Anayengoja anabaki mlangoni.

HBO waliahidi kwamba mfululizo mpya utavifuata vitabu kwa uaminifu. Ndiyo maana ujumbe ule ulinitia jasho. Uaminifu ule ungenianika kwa mara ya pili, na safari hii nisingeweza kusema wamekikata.

Sikumjibu kwa simu. Likizo ya Juni nilipanda basi, nikafika Lizaboni usiku, na asubuhi nikaenda gereji ambako Dogo anajifunza ufundi wa pikipiki. Ana miaka kumi na tisa, amenipita kwa kichwa kizima. Alinisalimia, akanipa ndoo nikaigeuza nikaikalia. Nilizunguka kidogo na habari za masomo, kisha nikasema, "Kile kioo hakikuwemo. Hata kwenye kitabu. Nilitunga."

Aliendelea kusugua spana kwa kitambaa.

"Nilikisoma nikiwa Form Two," alisema. "Mwalimu aliniazima. Niliitafuta ile sehemu mpaka mwisho, nikadhani nakala imechanwa. Nikahesabu kurasa."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye mkubwa, dada. Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe."

Nilimwomba msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Aliweka spana chini, akachukua nyingine, na baada ya muda akauliza, bila kunitazama, "Alipika nini vile, siku ile?"

"Ugali na dagaa wa Nyasa," nikasema. "Nilitunga."

"Najua," akasema. "Endelea."