Petroli ya Akiba na Haki ya Msafiri Mwingine

Anayebeba petroli ya akiba kwenye pikapu huku akivuta tela huwaweka hatarini watu ambao hawakuulizwa. Dereva amekubali hatari hiyo kwa kuwa safari ni yake. Abiria wa matatu iliyo nyuma yake katika barabara ya Thika, mwenye bodaboda anayempita, na mchuuzi aliyeketi kando ya njia ya kuingia Mugutha hawakukubali lolote. Hapo ndipo swali la maadili linapoanzia: mtu ana haki gani ya kuwatwika wengine hatari kwa manufaa yake, na anadaiwa nini kwa kufanya hivyo?

Jibu hutegemea kwanza tabia ya kitu chenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, ilhali dizeli hulazimika kupata joto la zaidi ya nyuzi 50. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini na kujikusanya penye kizuizi hadi ukutane na cheche. Tela nalo huzidisha hatari. Shingo yake hukandamiza nyuma ya pikapu, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo huelekeza gari, hupungukiwa na uzito. Breki zikishikwa ghafla, tela husukuma gari kutoka nyuma, upande uleule ilipo mitungi. Huko Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, na Msamvu mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, mafuta yaliyomwagika kutoka kwa malori yaliyopinduka yaliwaka na kuua watu zaidi ya 100 katika kila tukio. Mitungi michache haina wingi huo, lakini mafuta ni yaleyale.

Dini zimeshughulika na hatari ya namna hii tangu zamani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, anayejenga nyumba huamriwa kuzungushia dari ukingo, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Wajibu huo unatangulia ajali. Haungoji mtu aanguke. Katika Kutoka, pia sura ya 22, moto ukienea na kuteketeza nafaka ya mwingine, aliyeuwasha hulipa, wala haulizwi kama alikusudia. Uislamu una kanuni kwamba mtu asidhuru wala asilipize dhara kwa dhara, na wanazuoni wameijengea sheria nyingi. John Mbiti, mwanateolojia kutoka Kitui, alieleza mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu huwa mtu kwa sababu ya jamii yake. Kwa msingi huo, asiyefahamika barabarani bado ni sehemu ya wale ambao dereva anawajibika kwao.

Wako wanaojibu kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo ni faraja kwa aliyefanya yote aliyopaswa kufanya na bado akapatwa. Aliyeacha mtungi bila kuufunga hawezi kujitetea kwayo, kwa sababu kilichompata kilikuwa na kinga naye akaiacha. Kumtegemea Mungu huanzia pale kazi ya mikono inapokwisha.

Kuna pia hoja ya dharura. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake: kinachoruhusiwa ni kile tu inachohitaji. Kati ya Ruiru na Thika vituo vya mafuta ni vingi, na anayesafiri humo hana sababu ya kubeba akiba kwa ajili ya gari. Anayepita Thika kuelekea Garissa na kwingine ambako vituo viko mbali kimoja na kingine anayo sababu, ila abebe kinachomtosha kufika, wala asijaze mitungi kwa kuwa nafasi ipo.

Akishakuwa na sababu, deni lake hulipwa kwa matendo. Mtungi uwe uliotengenezwa kwa petroli, si dumu la mafuta ya kupikia. Ujazwe ukiwa chini ardhini, mdomo wa bomba ukiugusa, maana ukijazwa juu ya tandiko la plastiki la pikapu, umeme tuli unaweza kutoa cheche. Uachiwe nafasi ya mafuta kutanuka kwa joto. Ufungwe wima, karibu na kabini lakini nje yake, mbali na bomba la moshi na penye hewa. Mitungi mitano ya lita 20 ina petroli ya kilo 70 na zaidi. Uzito huo uhesabiwe pamoja na wa shingo ya tela. Minyororo ya tela ikaguliwe, na mwendo upunguzwe.

Wajibu huu haumhusu dereva peke yake. Mwenye gari anayemtuma bila mtungi unaofaa, na mhudumu wa kituo anayejaza dumu lolote aletewalo, wana sehemu yao. Na pale ambapo mafuta hayawezi kufungwa salama, haki ya wale wasioulizwa hushinda haja ya safari: mitungi ibaki, au tela libaki.