Nani Anasema Hayo Madogo?

Kwetu vyombo havilali vichafu. Kwa kina mume wangu vinalowekwa usiku, vinaoshwa asubuhi, na hakuna aliyewahi kufa. Kwetu maziwa yanachemshwa pamoja na majani na tangawizi; kwao ni chai ya rangi, maziwa kila mtu anajitilia. Taulo mbichi ikae wapi, hilo bado hatujakubaliana. (Kitandani si jibu.)

Ukimweleza mtu atakwambia: aa, hayo madogo, ndoa ni uvumilivu. Jibu hili nimeanza kulitilia shaka. Siulizi nani yuko sahihi, maana sufuria haina dini. Nauliza: mbona anayesema ni madogo mara nyingi ni yule ambaye mazoea yake ndiyo yanayofuatwa? Aliyezoea ugali mgumu, na unasongwa mgumu kila siku, kwake ugali si hoja. Hoja anayo anayeukumbuka ugali laini wa kwao.

Tolstoy alilijua hili. Katika Anna Karenina kuna jamu inapikwa nyumbani kwa Levin. Kitty, mke mpya, ameleta njia ya kwao, ya kupika bila maji. Agafya Mikhailovna, mtunza nyumba wa siku nyingi, haamini kwamba nyumba ya Levin inaweza kukosea. Kabla ya hapo alishatia maji kwa siri. Sasa anaonyeshwa mbele ya watu jinsi ya kupika, naye amenuna, anaomba moyoni jamu iharibike. Maji tu hayo. Lakini aliyeambiwa asiyatie amesikia kwamba maisha yake yote alikuwa anakosea.

Halafu yuko Mwana Kupona wetu. Utendi wake wa 1858 wengi huusifu au huukasirikia kwa ajili ya utiifu. Mimi hunigusa kingine: mama mgonjwa anamuusia binti yake, na baada ya kumtaja Mungu na Mtume anashuka hadi kwenye usingizi wa mume na namna ya kumkanda. Hakuyaona madogo hata kidogo, na hapo niko naye. Ila mzigo wa kujifunza mazoea ya mwenzake kaachiwa binti peke yake.

Sitaki tugawane nusu kwa nusu, nyumba si mizani ya duka. Na kuna mambo nimeyaachia kwa moyo mweupe, chai ya rangi ikiwemo. Ninachodai ni hiki: anayesema jambo ni dogo ndiye abadilike. Kama ni dogo kweli, halitamuuma.

Nilimwambia mume wangu hivyo. Akafikiri kidogo, akauliza: "Sawa mama, na redio je?" Redio naiwasha mimi, saa kumi na moja alfajiri, kama alivyofanya baba. Bado tunaijadili.