Adabu ya Maneno na Haki ya Sauti: Swali la Kimaadili katika Kazi za Wanawake wa Rege na Densiholi ya Jamaika

Uhakiki wa fasihi simulizi mara nyingi hulipima suala la adabu kwa mizani ya msamiati. Wimbo ukitaja yasiyotajika, huitwa mchafu. Ukiyasitiri kwa tafsida, huitwa safi. Na mtunzi naye huhukumiwa hapo hapo kwa hukumu ile ile iliyotolewa juu ya maneno yake. Mizani hii ni rahisi kutumia, na pengine urahisi huo ndio siri ya kudumu kwake. Makala haya yananuia kuijaribu katika uwanja ambao maneno machafu si ajali bali ni sehemu ya fani yenyewe, yaani rege ya Jamaika na chipukizi lake la densiholi, na hasa katika kazi za wanawake walioukuta uwanja huo umekwisha kugawanywa baina ya wanaume. Swali la msingi ni hili: je, mwanamke anapoitwaa lugha iliyotumiwa kumdhalilisha na kuipaza kwa kinywa chake mwenyewe, huwa amejikomboa, au amekubali tu kulipwa ujira wa kudhalilishwa?

Yafaa kwanza kuiondoa dhana kwamba wanawake waliingia katika muziki huu kwa kuchelewa. Wimbo uliolitangaza pigo la ska nje ya kisiwa hicho kuliko wimbo mwingine wowote wa wakati huo, "My Boy Lollipop" wa mwaka 1964, uliimbwa na Millie Small, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka ishirini, nao ulifika nafasi ya pili katika chati za Uingereza na za Marekani. Sonia Pottinger, aliyefariki mwaka 2010, alikuwa mtayarishaji wa rekodi mjini Kingston tangu miaka ya sitini, katika kazi iliyoshikwa na wanaume karibu wote. Nao waimbaji watatu walioungana mwaka 1974 kwa jina la I Threes, ambao ni Marcia Griffiths, Rita Marley na Judy Mowatt, hawakuokotwa njiani. Kila mmoja alikuwa na jina lake kabla ya kusimama nyuma ya Bob Marley. Griffiths, kwa mfano, alikwisha kuingia katika nyimbo tano bora za Uingereza mwaka 1970 akiimba pamoja na Bob Andy.

Neno "nyuma" hapo juu halikutumiwa kwa bahati. Rege ya Kirasta iliichukua sauti ya nabii, na nabii huyo alikuwa mwanamume. Wanawake waligeuka kuwa waitikiaji, kwa maana ile ile inayojulikana katika ngoma za huku: wanaoupa wimbo ukamilifu wake bila ya kuwa na mamlaka juu ya kauli yake. Katika makundi ya Marasta yenye msimamo mkali, mwanamke alitakiwa afunike kichwa, tena asiukaribie mkusanyiko wa ibada awapo katika hedhi. Hivyo basi muziki ulioilaani Babeli kwa kuwanyang'anya watu weusi utu wao ulibaki na chumba kimoja ndani ya nyumba yake ambamo utu wa nusu ya watu hao ulijadiliwa kwa masharti.

Judy Mowatt alikigonga chumba hicho mlango kwa heshima. Albamu yake ya mwishoni mwa miaka ya sabini, Black Woman, ambayo aliitayarisha mwenyewe, inamtaja mwanamke mweusi na mateso yake tangu enzi ya utumwa, kwa lugha iliyo karibu na mahubiri. Ni kazi kubwa. Walakini, mhakiki anayeitazama kwa makini hana budi kuuona mpaka wake: mwanamke anayetukuzwa humo ni mama wa taifa, mvumilivu, mwenye kubeba. Anapewa heshima ya wadhifa. Uhuru wa nafsi yenye tamaa, ghadhabu na mzaha haumo, kwa sababu nabii hafanyi mzaha, seuze mwitikiaji wake.

Densiholi iliyoshika kasi mwanzoni mwa miaka ya themanini ilibadili masharti. Hapa mtawala ni dijei, na dijei katika matumizi ya Jamaika si mpiga santuri. Ni mghani anayepaza maneno juu ya mdundo uliokwisha kurekodiwa, mbele ya mitambo mikubwa ya sauti na umati unaomhukumu papo kwa papo. Mazingira haya yanashabihiana na malumbano na majibizano ya washairi wa jukwaani: anayeishiwa na neno anashuka. Ophlin Russell, aliyejiita Sister Nancy, dada wa dijei Brigadier Jerry, alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kabisa kupanda na kutoshuka. Katika albamu yake ya mwaka 1982, One, Two, umo wimbo "Bam Bam", ambao kwa masimulizi yake mwenyewe ulirekodiwa mwishoni ili kuijaza albamu iliyopungukiwa na wimbo mmoja. Humo anajieleza kama mghani mwanamke mwenye haki ya kuwepo pale alipo. Hatukani mtu. Hataji kiungo cha mwili. Kwa mizani ya msamiati, hakuna wimbo safi kuliko huo.

Usafi huo ulimfaa nini? Wimbo ulienea. Ulitumiwa katika filamu Belly ya mwaka 1998. Sauti yake ilikatwa na kuunganishwa katika kazi ya Kanye West mwaka 2016, na Jay-Z akaurudia mwaka 2017. Mwenye sauti alihamia Marekani katika miaka ya tisini, akafanya kazi benki katika jimbo la New Jersey. Kwa maelezo aliyoyatoa mara nyingi hadharani, hakupata mrabaha wa wimbo huo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipousikia katika tangazo la viatu mwaka 2014, akatafuta wanasheria, na hatimaye akapata sehemu ya haki zake.

Msomaji aliyezoea fasihi simulizi atakumbusha, na kwa haki, kwamba umiliki katika sanaa ya namna hii ni jambo tata. Kiitikio cha "Bam Bam" kinatokana na wimbo wa Toots and the Maytals ulioshinda mashindano ya nyimbo za tamasha la Jamaika mwaka 1966. Mdundo wake, uitwao Stalag, ulikuwa umekwisha kutumiwa na waghani wengine kabla ya Nancy. Kuazimana ndiko kunakoiendesha densiholi, kama vile kuazimana kunavyoziendesha ngano na nyimbo za kazi. Sheria nayo ilikuwa mbovu: hadi mwaka 1993, Jamaika ilipotunga sheria yake mpya ya hakimiliki, iliyotumika ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoandikwa kabla ya kuwapo kwa chochote kinachofanana na mghani juu ya mdundo wa kanda. Wanaume wengi waliumia pia. Lakini hoja ya ujima ina kasoro moja ambayo wahakiki hupenda kuipita. Shamba ni la wote wakati wa kulima tu. Mavuno yalipoanza kuja, yalikwenda kwa aliyeshika kanda na karatasi, na katika Kingston ya miaka ya themanini ilikuwa nadra mno mwanamke kushika vitu hivyo. Pottinger ni mfano unaokumbukwa kwa sababu ya upweke wake.

Ndipo inapofaa kumgeukia Lady Saw, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Marion Hall. Tangu albamu yake ya kwanza, Lover Girl, ya mwaka 1994, alighani juu ya tendo la ndoa kwa uwazi uliowafanya hata mashabiki wa densiholi kufunika nyuso, japo kwa vidole vilivyoachana. Wanaume walikuwa wametangulia. Yellowman alijijengea jina kwa mashairi ya aina hiyo, na Shabba Ranks akapata tuzo ya Grammy mara mbili mfululizo, mwaka 1992 na 1993. Walilaumiwa wao pia, ila lawama iliangukia nyimbo zao. Kwa Lady Saw iliangukia nafsi: alikuwa mwanamke wa namna gani?

Wajamaika wana neno lao la kuitaja lugha ya aina hii, na maana yake ya asili ni ulegevu: ulegevu wa kamba, ulegevu wa kazi, na kwa hiyo ulegevu wa maadili. Lady Saw aliwajibu wakosoaji wake kwa wimbo wa katikati ya miaka ya tisini uliojengwa juu ya neno hilo hilo. Humo anadai kwamba ulegevu hasa ni barabara zisizotengenezwa, ahadi za serikali zisizotimizwa, na wanasiasa wanaogawa bunduki ili wafuasi wa vyama viwili wamalizane. Hii ni hoja, wala si ukaidi mtupu. Inaichukua maana pana ya neno, ambayo wenye adabu walikuwa wameifinya mpaka ikatosha kwenye mwili wa mwanamke peke yake, na kuirudishia upana wake. Mwanafalsafa wa maadili angehitaji sura nzima kulisema jambo hilo.

Pwani ya Afrika Mashariki haina sababu ya kushangaa sana. Nyimbo za unyago hutaja mwili kwa uwazi usiopungua, na hakuna anayemwita kungwi mfuska. Ila unyago una mlango, na nyuma ya mlango huo wasikilizaji ni wanawake tu. Adabu hapo ni suala la mahali zaidi kuliko neno. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, aliitoa ngoma hiyo nje na kuipeleka hata kwenye majukwaa ya Ulaya, naye akaheshimiwa, labda kwa kuwa uzee ulikwisha kumtoa katika mashaka ya watu. Lady Saw alikuwa kijana, mlango hakuwa nao, na mbele yake walikuwa wanaume waliolipa kiingilio.

Hapo ndipo wahakiki wanapoachana njia. Carolyn Cooper, profesa wa Chuo Kikuu cha West Indies na mwandishi wa Noises in the Blood (1993), alimtetea kwa nguvu katika kitabu chake cha mwaka 2004, Sound Clash, akiuona mchezo wake kama ibada ya rutuba yenye mizizi ya Kiafrika na kama pigo dhidi ya heshima ya kinafiki ya tabaka la kati. Utetezi huo una ukweli mwingi. Una pia udhaifu, kwa kuwa unamhesabia msanii uhuru wote wa kuchagua bila ya kuuliza alikuwa anachagua baina ya vitu gani. Soko lililomlipa kwa kuutaja mwili wake lisingemlipa sawa kwa kutaja barabara. Anayeuza kile pekee kinachonunuliwa hana hatia, lakini kumwita huru kwa sababu ya kukiuza kwa ustadi ni kulisafisha soko kwa jasho lake. Kinyume chake nacho si haki. Koffee, aliyekuwa na miaka 19 alipokuwa mwanamke wa kwanza kushinda Grammy ya albamu bora ya rege, mwezi Januari 2020, alisifiwa kwa nyimbo zake zisizo na matusi, na sifa hizo mara nyingine zilitolewa kwa sauti ya kuwasuta wengine. Kumsifu binti ili kumtukana shangazi ni mbinu ya kale.

Jibu zuri zaidi kwa Cooper lilitoka kwa Lady Saw mwenyewe. Katika albamu ya mwaka 2007, Walk Out, aliimba juu ya mwanamke asiyejaliwa kuzaa, akisisitiza kwamba hakupungukiwa na uanamke wake. Yule aliyekuwa amefanywa kuhani wa rutuba alikuwa akisema kwamba rutuba si kipimo. Hakuna neno chafu katika wimbo huo. Lakini uzito wake unatokana na zile nyimbo chafu zilizoutangulia: ni msanii aliyeutaja mwili bila kificho ndiye aliyeweza kuaminika alipoutaja upungufu wake, katika jamii ambayo mgumba husengenywa kwa minong'ono. Mizani ya msamiati, ingeutenga wimbo huu upande wa halali na ile mingine upande wa haramu, ingeukata mti na kuyahifadhi matunda.

Kisha, mwezi Desemba 2015, Lady Saw alibatizwa, akaliacha jina hilo na kuwa mhubiri kwa jina la Marion Hall. Judy Mowatt naye alikuwa ameuacha Urasta na kuingia Ukristo mwishoni mwa miaka ya tisini, lakini yeye hakulazimika kuyakana maneno yake mengi. Kwa Hall, karibu kazi yote ya miaka ishirini ilikuwa sasa dhambi. Wakosoaji wa zamani walifurahi kana kwamba hoja yao imethibitishwa. Watetezi walipata taabu zaidi: waliokuwa wamesisitiza kwamba mwanamke huyu asikilizwe anaposema mwili wake ni wake, je, walikuwa tayari kumsikiliza alipoihukumu kazi yake? Wengine waliieleza toba yake kama ushindi wa heshima ya kinafiki juu yake, yaani walimfanyia kile kile walichowakataza wengine. Walimweleza nafsi yake badala ya kumwachia aieleze.

Haifuati kwamba msanii ana neno la mwisho juu ya maana ya kazi yake. Wimbo wa ulegevu unabaki kuwa hoja nzuri hata kama mwenyewe hataki tena kuupaza. Kinachofuata ni kidogo zaidi, nacho kinagusa suala la Sister Nancy. Yeye alipigania sauti yake irudi mikononi mwake, na baada ya miaka thelathini na ushee sehemu yake ilirudi. Marion Hall angetaka sauti yake inyamaze, na hakuna mahakama ya hakimiliki inayojua kusikiliza dai la namna hiyo. Nyimbo za Lady Saw zinaendelea kupigwa katika kumbi za densi, na vitabu vinavyozichambua vingali vikisomeshwa chini ya jina ambalo mwenyewe hajibu tena akiitwa kwalo.