Msasa wa Maji

Rangi ikishakauka ndipo kazi yenyewe huanza. Wapita njia wakiniona kibarazani kwangu hapa Mamboleo, Kisumu, nimeinamia gari dogo la bati, hudhani napaka rangi. Kupaka huchukua dakika chache tu. Siku nne au tano zinazofuata ni za msasa.

Gari la sasa ni matatu ya abiria 14, kama zile zinazoteremka kwenda Kondele na mjini. Nimeikata kutoka mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa kipimo cha moja kwa 24, na urefu wake haufiki sentimita 20. Ni ya buluu iliyokolea, imezungukwa na ule mstari wa manjano tuliouzoea tangu kanuni za waziri John Michuki zilipoanza kazi Februari 2004. Katika udogo huu kosa halijifichi. Mkono mmoja mzito wa rangi huziba mfereji wa mlango, na chembe ya vumbi la barabara ya Kakamega ikitua kwenye boneti, huonekana kama jiwe.

Tena kuna ziwa. Alasiri upepo wake unapopanda huku juu na mawingu yakaanza kujikusanya, sipaki. Thina ikiruka upesi huupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani ukashika pale pale, na buluu yako ikafunikwa na utando mweupe kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Kwa hiyo napaka asubuhi, saa tatu hivi, kisha nafunika kwa ndoo na kuondoka. Kuondoka ndiko kugumu.

Wenzetu wa pwani walilitoa neno msasa kwenye mti. Majani yake yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainishia mbao kabla karatasi za dukani hazijafika. Mimi natumia ya maji, nambari 1500, halafu 2000, na bakuli lenye sabuni kidogo. Rangi iliyotoka kupulizwa ina vijishimo kama ganda la chungwa. Unaposugua, yale mabonde na vilima hulingana, na gari zima hufifia likawa kama limepakwa majivu. Asiyejua atasema umeliharibu. Kisha unachukua kipande cha fulana kuukuu na kampaundi kidogo (hata dawa ya meno hufaa), unazungusha polepole, na baada ya muda unaiona taa ya kibarazani ndani ya paa la gari, na waya wake. Hukuongeza kitu. Umeondoa tu kilichokuwa kikiutawanya mwanga.

Naishi na mtoto wa marehemu kaka yangu, mwenye miaka 14. Tangu aje kwangu nimejipa jukumu la kumpiga msasa, na nimelitimiza kwa bidii: hesabu, mwandiko, namna ya kusalimia wageni, hata namna ya kukaa. Nilikuwa naogopa watu wasije wakasema mtoto wa kaka yangu amekosa malezi. Wiki iliyopita alileta ripoti ya shule. Nilisema mengi mezani, hadi nikamtaja baba yake. Hakunijibu. Aliusogeza ugali na omena yake, akaenda kulala.

Kesho yake nilikuwa nasugua paa la matatu, naye ameketi ngazini akitazama. Nilifika pale paa linapokunjwa kuelekea dirishani, na kabla sijainua kidole, buluu ikaondoka. Praima ya kijivu ikajitokeza, kisha bati, mstari mwembamba unaometa.

"Baba Mdogo, hapo umebonyeza," akasema.

Ni kweli. Rangi ikiwa bado mbichi hukimbia ukingo mkali, ndiyo maana kwenye kunjo hubaki kidogo kuliko popote. Kidole nacho huelemea pale pale. Nimelijua hilo miaka mingi kuhusu bati. Mtoto aliyempoteza baba naye ana mahali pake palipokunjwa, na usiku ule nilikuwa nimepasugua kwa nguvu zote.

Nilimwomba radhi. Sikuwahi kumwona mtu mzima wa nyumbani kwetu akimwomba mtoto radhi, na maneno yalinitoka kwa shida. Alitikisa kichwa kidogo, akaniuliza kama rangi ya buluu imebaki.

Tulipaka upya Jumamosi asubuhi. Ilipokauka sawasawa, alikata vipande vya utepe wa karatasi, vyembamba kama utambi, akavibandika kwenye kila kunjo, paa, boneti na milango, ndipo akanipa bakuli la maji. Tulisugua katikati tu. Jioni alivibandua kimoja kimoja kwa ukucha, ameshikilia pumzi, nami nikimshikia tochi.