Mbuzi wako, kuku wako na haki ya jirani yako

 

Ndugu Waislamu, katika mtaa ninaoishi hapa Dar es Salaam wapo majirani wawili wa msikiti mmoja ambao hawapeani salaam. Mmoja ana mbuzi watatu na kuku wa kienyeji. Mwingine ana matuta ya mchicha nyuma ya nyumba, ndiyo riziki yake. Usiku mmoja mbuzi walitoka, na kulipokucha mchicha haupo. Mwenye mchicha hakubisha hodi kwa mwenziwe, alikwenda kushitaki. Wakaja mgambo, mbuzi wakachukuliwa, wakafungwa juani kutwa nzima bila maji. Mmoja akafa. Tangu siku hiyo kila mmoja anajiona ndiye aliyedhulumiwa, na kila mmoja anatafuta aya ya kumtetea.

Aya ipo, tena inazungumzia mbuzi na shamba hasa. Katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, Mwenyezi Mungu anatukumbusha hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) juu ya mbuzi wa watu waliolisha usiku katika shamba la mtu. Wafasiri wanaeleza kuwa Daud aliona mwenye shamba apewe mbuzi wale. Suleiman akaona vingine: mwenye shamba awachukue mbuzi kwa muda, anufaike na maziwa yao, na mwenye mbuzi alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, kisha kila mmoja arudishiwe mali yake. Hakuna aliyefilisiwa, na hakuna mnyama aliyekufa kwa kiu.

Madina nako yalitokea. Ngamia wa Al-Baraa bin Azib (r.a.) aliingia katika bustani ya mtu akaiharibu. Mtume (s.a.w.) akahukumu kwamba mchana wenye bustani wazilinde bustani zao, na usiku wenye wanyama wawalinde wanyama wao; kilichoharibiwa usiku ni juu ya mwenye mnyama. Mwenzetu wa mbuzi amekuwa akijitetea kwa hadithi isemayo kuwa madhara ya mnyama hayana fidia. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini wanazuoni wengi wameifungamanisha na hali ambayo mwenye mnyama hakuzembea. Zizi lililofungwa kwa kamba ya katani ni uzembe. Mchicha aulipe.

Sasa wapo wanaosema sheria ndogo za manispaa ni za serikali, hazituhusu. Ndugu zangu, hukumu ile ya Madina ilikuwa nini kama si utaratibu wa kufuga ndani ya mji? Kanuni za Tanzania za mwaka 1992 ziliruhusu mtu kufuga mjini ng'ombe wasiozidi wanne, tena wakiwa ndani, wasizurure. Kampala ilitunga sheria zake za mifugo mwaka 2006, na Nairobi mwaka 2015 ikapitisha sheria ya kukuza na kusimamia kilimo na ufugaji wa mjini. Shabaha ya kanuni za namna hii ni kuzuia madhara, na kuzuia madhara ni msingi katika dini yetu.

Hata kuku wana hukumu yao. Mtume (s.a.w.) alikula kuku, lakini alikataza nyama na maziwa ya mnyama anayelishwa najisi. Imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla. Kuku wetu wanaoshinda kwenye mitaro ya maji ya chooni, nani huwafungia hata siku moja? Banda linalodaiwa na bwana afya limekuja kutukumbusha fiqhi tuliyoisahau.

Wengine wanalalamikia jogoo kuwika alfajiri. Muislamu akatazwe kumtukana jogoo, maana anaamshia swala, kisha alalamike kaamshwa! Lakini kupanga majogoo kumi chini ya dirisha la jirani mgonjwa, awe Muislamu au asiwe, ni maudhi, na hadithi ya jogoo haiyahalalishi.

Inabaki habari ya yule mbuzi. Sote tunaijua hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula wala maji. Kuvaa sare hakumtoi mtu katika hadithi hiyo, wala kushika karatasi ya faini.

Juzi baada ya Isha imamu aliwakalisha wale wawili barazani. Bei ya mchicha ilikubaliwa, na mwenye mbuzi akaahidi kujenga zizi la mbao. Walipofika kwenye mbuzi aliyekufa, mwenye mchicha aliinamisha kichwa, akasema hakujua kwamba watamwacha juani. Akaahidi kwenda na mwenziwe Jumatatu kuuliza nani alikuwa na zamu siku ile.