ALIYEBAKI BETHLEHEMU

Andiko: Ruthu 1:1–7, 19–22, 2:1–3, 4:1–6



Jumapili niliuliza ni wangapi kati yetu walizaliwa hapa kisiwani. Mikono michache ikainuka. Nikauliza tena: ni wangapi wakifa watasafirishwa kwenda ocha? Kanisa likacheka, halafu likanyamaza. Basi neno hili ni letu.

Hesabu ya watu ya 2009 ilipata watu 939,370 Mombasa. Ya 2019 ikapata 1,208,333. Wako waliozaliwa hapa, na wako walioshuka basi pale Mwembe Tayari na begi moja na namba ya simu ya binamu. Tujiulize leo: kwa nini mtu huondoka kwao, na kwa nini mwingine hubaki?

1. Watu huondoka kwa sababu ya mkate

Bethlehemu maana yake ni nyumba ya mkate. Lakini mkate uliisha ndani ya nyumba ya mkate! Elimeleki akamchukua Naomi na wana wao wawili, wakaenda Moabu. Wako wahubiri wanaomhukumu. Mimi nimesoma sura nzima, sijaona mahali Mungu anasema alikosea. Namwona baba mwenye watoto na ghala tupu.

Ndugu zetu wa Kinango na Ganze hawahitaji kufafanuliwa hili. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mahindi yalikauka, ng'ombe wakafa. Kijana wa kule akivuka feri ya Likoni au daraja la Nyali kutafuta kibarua, usimwambie amepungukiwa na imani. Mkaribishe, mwonyeshe pa kulala.

2. Aibu hufunga njia ya kurudi

Elimeleki alikwenda kukaa ugenini kwa muda tu. Ikawa miaka kama kumi na makaburi matatu. Naomi akasikia kwamba Bwana amewajilia watu wake na kuwapa chakula, akaondoka. Alirudi mikono mitupu, na akasema hivyo mbele ya mji mzima, bila kuficha.

Hapo ndipo wengi wetu tunashindwa. Mnakumbuka 2020: hoteli zilifungwa, Aprili tukazuiwa kutoka kaunti hii, na Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Wakati ule hata mwenye nauli hakuwa na njia. Julai njia zilifunguliwa, lakini wapo ambao hawakuweza kurudi hata hivyo. Ndugu mmoja, mlinzi wa usiku, aliniambia, "Pasta, nyumbani wanahesabu miaka yangu ya Mombasa. Nirudi na nini?" Anakula mara moja kwa siku, ana deni la kodi ya nyumba, na kwao shamba la babake limeota magugu. Kinachomshika hapa si kazi, ni aibu.

Niliposoma biashara chuoni tulifundishwa jambo moja: pesa iliyokwisha kuzama isikuamulie ya kesho. Mfanyabiashara anayeendelea kumwaga mtaji kwenye duka lililokufa, eti kwa sababu ameshamwaga mwingi, atafunga na deni. Naomi hakungoja Moabu imrudishie hasara yake. Alisikia mkate umerudi, akafunga mzigo. Mwambie jirani yako: kurudi si kushindwa!

3. Kuna aliyebaki

Sasa sikizeni. Ruthu hakuokota masuke hewani. Kulikuwa na shamba, na kulikuwa na Boazi. Biblia haituambii Boazi aliipitaje ile njaa. Inatuambia tu kwamba Naomi aliporudi, jamaa yake alikuwepo, shayiri imeiva, na pembe za shamba zimeachiwa maskini na mgeni kama sheria ilivyoagiza. Kama wote wangehama, Naomi angerudi kwa nani?

Sisi wa mjini tuna tabia ya kumwona aliyebaki kama aliyeshindwa. Lakini mji huu umeegemea mgongo wake. Reli ilianza kujengwa hapa 1896, na bandari ikaita vibarua kutoka bara. Mshahara ulikuwa wa kumtosha mwanamume mmoja, si mke na watoto. Januari 1947 wafanyakazi waligoma mji mzima wakidai malipo bora. Na watoto, nani aliwalisha miaka yote hiyo? Mama aliyebaki na jembe. Kwa lugha ya hesabu, kijiji kilikuwa kinalipa sehemu ya mshahara wa mjini.

Hata leo, kuna kaka aliyebaki na mama mgonjwa. Yeye humwamsha, humpeleka zahanati, hulala macho. Sisi tunatuma mia tano na ushauri mwingi. Siku ya kugawa shamba, ni sauti ya nani inasikika zaidi? Ile sura ya nne ina jamaa wa karibu kuliko Boazi. Aliposikia habari za shamba, alisema atalikomboa. Alipoambiwa kwamba shamba linakuja pamoja na Ruthu, akajitoa. Alitaka udongo, hakutaka watu. Biblia hata jina lake haikulitaja.

Basi tufanye nini?

Kanisa letu ni hodari wa kuchangia maiti. Kwa siku tatu tunapata gari, jeneza na chakula cha waombolezaji. Lakini aliye hai anayetaka kurudi kwao hatuna bahasha yake. Nimewaomba wazee tuwe nayo: nauli, na kitu kidogo cha kununulia mbegu, bila kutangaza jina la mtu. Tusingoje ndugu yetu afe ndipo tumfikishe nyumbani.

Wiki hii mpigie simu aliyebaki. Usianze na shamba. Muulize yeye mwenyewe amelalaje, kisha mshukuru.

Tuombe: Bwana, uliyemwona Naomi njiani na Boazi shambani, mwongoze anayeondoka, mpe nguvu anayebaki, na umwondolee aibu anayetaka kurudi. Katika jina la Yesu. Amina.