Rektifaya ya Pili

Mpwa wangu, weka hiyo spana chini, ukae. Rektifaya ya pili hii, na pikipiki bado inakugomea asubuhi. Sikukatazi kununua spea, pesa ni zako na jasho ni lako. Nakuomba jambo moja tu, na nimewaambia vijana wengi hadi ulimi umechoka: usinunue kitu ambacho hujakipima. Pikipiki ya zamani haina kompyuta ya kukuambia inaumwa wapi. Ina waya chache tu, na mita ya bei ya chakula cha mchana inatosha kuzihoji zote.

Tuanze na betri. Fungua kiti, hesabu vizibo vyake. Vikiwa sita ni ya volti 12, vikiwa vitatu ni ya volti 6, na pikipiki nyingi za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na hizo za volti 6. Nimeona kijana akiiunganisha ya namna hiyo na betri ya lori ili iwake, taa zote zikaungua kwa mpigo. Betri nzima ya volti 12, iliyopumzika usiku kucha, husoma karibu 12.7. Ikisoma 12.4 imepungua. Ikisoma chini ya 12 haina kitu, hata kama taa inawaka. Usiipime mara tu unapozima injini, maana wakati huo inabeba chaji ya juujuu ambayo baada ya saa chache haipo tena.

Kisha acha ncha za mita hapohapo kwenye teminali, upige stata huku ukitazama. Ikibaki kwenye 10 au zaidi, betri ina nguvu. Ikiporomoka chini ya 9 na nusu, ama imezeeka ama ina njaa. Kwa hiyo ichaji polepole, kwa moja ya kumi ya uwezo wake, yaani betri ya Ah 7 ipewe ampea 0.7, halafu uipime tena kabla hujaitukana. Betri mpya iliyomiminwa asidi leo dukani nayo inataka kuchajiwa kabla ya kazi. Wauzaji hawasemi, na wanunuzi wana haraka. Maji yakipungua, ongeza maji ya betri. Kinachokauka ni maji, asidi inabaki ndani, kwa hiyo ukiongeza asidi unaikoleza, nayo itazila sahani.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo pesa zenu zinapoishia. Unakuja kwangu unasema, "Mjomba, betri mpya, taa kali, honi inalia, lakini stata inasema tik, basi." Halafu unanunua stata. Taa ya mbele ya wati 35 inakula kama ampea 3. Stata ndogo inaweza kula 40 na zaidi. Chukua kutu kidogo tu kwenye kichwa cha betri, au boliti ya ethi iliyolegea, yenye ukinzani wa sehemu tano za mia za ohm. Ampea 3 zikipita hapo, zinapoteza volti 0.15, na jicho lako halioni tofauti kwenye taa. Ampea 40 zikipita hapohapo, zinapoteza volti 2 nzima, na stata haina nguvu ya kugeuka. Ni kama kichochoro: mtu mmoja anapita akipiga mluzi, msafara wa harusi unakwama. Basi taa kuwaka si ushahidi kwamba njia ya stata ni nzima. Hili ukilishika, nitakuwa nimepumzika.

Namna ya kumkamata mwizi huyo ni hii. Weka mita kwenye volti. Ncha moja igusishe kichwa hasi cha betri chenyewe, kile cha risasi, wala si kibano cha waya. Ncha ya pili igusishe chuma cha injini pasipo rangi. Piga stata. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri, na volti 0.2 hainisumbui. Ikisoma 1 au 2, wizi uko upande wa ethi, na betri mpya haitaumaliza. Rudia upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi boliti ya waya mnene pale kwenye stata. Ukiona volti zinapotea, sogeza ncha hatua kwa hatua, kabla ya rilei na baada ya rilei, hadi uukute mwunganiko wenyewe. Rilei za zamani huungua vidole ndani, zikawa zinasema tik bila kupitisha kitu.

Ukisafisha, fungua hasi kwanza na uifunge mwisho, maana spana ikigusa fremu wakati unafungua chanya, utapata cheche usizozitaka. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi juu. Pande zote zikiwa safi na stata bado inajikokota, hapo ndipo uifungue utazame kaboni zake.

Ikiwa hata tik husikii, tazama fyuzi, swichi ya klachi, swichi ya stendi kama ipo, na taa ya nyutro. Dakika tano, basi.

Stata ikizungusha vizuri na injini haishiki, achana na betri. Chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, ilaze kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lenye mvuke wa petroli, kisha piga kiki. Tafuta cheche ya buluu. Na ujue pikipiki yako ni ya namna gani: zipo ambazo sidiai yake, kile kisanduku cha cheche, hulishwa na koili ya injini moja kwa moja, hizo huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa. Nyingine sidiai hunywa kwenye betri, na betri ikifa nazo zimekufa. Cheche ikiwepo, legeza skrubu ya chini ya kabureta uone kama petroli inatoka, na kama inatoka na maji.

Tuje kwenye chaji, ugonjwa uliokufanya ununue rektifaya mbili. Washa, upandishe resi hadi ya mwendo wa barabarani, pima kwenye betri. Kati ya 13.5 na 14.5 ni afya. Ikibaki 12 na kitu, haichaji. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, na utaijua hata bila mita: maji ya betri yanakauka kila mara na balbu zinaungua ukikaza mwendo.

Ikiwa haichaji, usikimbilie dukani. Tafuta soketi ya waya tatu za njano zitokazo kwenye injini, kama yako ni ya namna hiyo. Kwenye Honda nyingi za zamani soketi hiyo ndiyo inayoyeyuka, ikawa kahawia, na rektifaya haina kosa. Ichomoe. Pima ohm kati ya kila waya na mwenzake: ni kidogo sana, chini ya 1 kwa nyingi, na zote tatu zilingane. Kati ya kila waya na chuma cha injini kusiwe na njia. Lakini pikipiki ndogo ambazo koili yake imefungwa ncha moja kwenye ethi, hizo njia lazima iwepo, usije ukaitupa koili nzima kwa sababu hiyo. Kisha geuza mita kwenye volti za mkondo geu, washa, pandisha resi, pima jozi zote tatu. Namba yenyewe hutofautiana kwa kila pikipiki. Unachotafuta ni jozi tatu zenye namba moja. Jozi moja ikianguka, koili imeungua. Na rudia injini ikiwa moto, maana koili inayokufa mara nyingi hujificha ikiwa baridi.

Koili ikiwa nzima na soketi safi, ndipo rektifaya ishtakiwe. Nayo itazame imefungwa wapi. Inatoa joto, inataka upepo, na nyingi hupata ethi kupitia mwili wake, kwa hiyo ukiifunga juu ya rangi au ukaizungushia mpira, umeiua mwenyewe. Hizo spotilaiti mbili za wati 55 ulizofunga mbele pia zinakula ampea 9 peke yake. Koili ya kiwanda haikutengenezwa kwa mzigo huo. Zing'oe tupime tena.

Mita yangu iko kwenye kabati la jikoni. Betri yake ya volti 9 imeisha, na mita yenye njaa husoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo pitia dukani uinunulie betri nyingine kabla hujagusa kitu.